Cena kaacha deni, nani atalidai?

Jumapili ya tarehe 14 Desemba 2025 niliamka saa tisa na nusu usiku, nikachemsha chai na kuegemeza simu kwenye kopo la sukari, nitazame pambano la mwisho la John Cena kabla hajastaafu mieleka. Washington D.C., lilikochezwa, bado ilikuwa Jumamosi usiku. Tulikuwa watatu: mimi, mpwa wangu wa kidato cha pili, na jirani yangu fundi friji, ambaye tangu tukiwa watoto hajawahi kukubali kwamba mieleka ya Marekani inapangwa. Kulipoanza kupambazuka, Gunther, mpinzani wa usiku huo, alikuwa amempiga John Cena kabali kwa mara sijui ya ngapi. Cena anachomoka, anakabwa tena. Anapiga goti, anajivuta kuelekea kwenye kamba, anarudishwa katikati. Kisha kamera ikamsogelea usoni. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayetua mzigo, na kiganja chake kikapigapiga. Kasalimu amri.

Jirani alinyanyuka akaondoka bila kuaga. Mpwa wangu akanigeukia: "Anko, si huyu ndiye aliyekuwa anasema hakati tamaa?"

Ukumbini kulikuwa kumechafuka. Triple H, bosi wa hadithi zote za WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, alipojitokeza alizomewa kuliko alivyozomewa Gunther aliyefanya kitendo chenyewe. Watu hawakutaka kuamini kwamba mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 20 hakuwahi kusalimu amri angeaga kwa njia hiyo.

Mimi nilikubali afungwe. Kwenye mchezo huu kuna desturi ya zamani kwamba anayestaafu huondoka akiwa chali, ili jina alilojenga amwachie anayebaki. Cena ametwaa ubingwa wa dunia mara 17, akiipita rekodi ya Ric Flair. Jina kama hilo ni urithi, na urithi hauzikwi na marehemu. Kilichonikera ni kuona urithi umepelekwa kwa mtu ambaye tayari ana nyumba tatu mjini. Gunther alishika mkanda wa Intercontinental, ubingwa ulio chini ya ule wa dunia, kwa siku 666, hakuna aliyewahi kuushika muda mrefu hivyo. Amekuwa bingwa wa dunia mara mbili. Julai mwaka huohuo alimstaafisha mkongwe Goldberg kwa kabali hiyohiyo. Kumwongezea Cena ni sawa na kumkopesha tajiri.

Kabla sijasema urithi ule ulipaswa kwenda wapi, nieleze ninavyoitazama mieleka, kwa sababu kila nikiandika habari hizi ananijia mtu na swali lilelile: "Wewe mtu mzima, hujui wale wanaigiza?" Najua. Nilijua tangu banda la video la mtaani kwetu, ambako tulilipa sarafu kutazama kanda zilizochakaa hadi Undertaker akawa wa kijani. Bibi yangu naye alijua kwamba Sungura hasemi, lakini hadithi ikikatishwa kabla Fisi hajapata chake, alilalamika.

Mieleka ni daftari la mkopo la dukani. Fulani kamfanyia fulani ubaya: andika. Fulani kaahidi: andika. Mtazamaji ndiye mwenye daftari, na tofauti na watunzi wanaodhani tumesahau, hatusahau. Hadithi ikiwa nzuri, deni linalipwa na mtu aliyekopa, mbele ya aliyekopesha, baada ya kungoja kwa muda unaouma. Ikiwa mbaya, karatasi linachanwa usiku na asubuhi tunaambiwa tuanze ukurasa mpya.

Tuchukue deni lililolipwa vizuri. Roman Reigns alikuwa amekalia ubingwa tangu Agosti 2020. Cody Rhodes alifungwa naye kwenye WrestleMania (onyesho kubwa la mwaka la WWE) ya 2023 kule Inglewood, watu wakatoka uwanjani wamenuna. Nami nilinuna, nikasema wamemchinja. Kumbe walikuwa wanaandika riba. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2024 mjini Philadelphia, Cody alimaliza utawala wa siku 1,316, na usiku ule kila aliyeingia ulingoni alikuwa na risiti mkononi. Seth Rollins alitokea na nguo za Shield, kundi lake na Roman alilolisaliti mwaka 2014 kwa kumpiga Roman kiti mgongoni. Roman akawa na kiti mkononi, Cody yuko pale tayari kupigwa, Seth yuko pale. Roman akasita. Akampiga Seth. Alilipiza deni la miaka 10 na akapoteza ubingwa kwa sababu ya kulipiza. Nimetazama kipande kile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Hakuna neno hata moja, na kila mwenye daftari alielewa.

Sasa geuza ukurasa uone deni lililochanwa. Tarehe 1 Machi 2025 mjini Toronto, The Rock, mwanamieleka aliyegeuka nyota wa filamu, alikuja kudai jibu. Wiki iliyotangulia alimwambia Cody kwamba anaitaka roho yake. Cody akakataa. Cena, stelingi wa watoto wa dunia nzima, aliyekuwa amemkumbatia Cody, akampiga chini ya kitovu na kumtoa damu. Nyumbani kwangu palikuwa kimya kama msibani. Stelingi kageuka adui! Tangu Hulk Hogan alipowageuka watu mwaka 1996, mieleka haikuwa imepata usaliti wa ukubwa ule. Wiki mbili baadaye Cena alisimama Brussels akasema tatizo ni sisi mashabiki: miaka 25 tumemtumia, tumemzomea, tumechukua kila kitu bila kumuuliza anataka nini. Maneno makali, na sehemu yake ya kweli. Nikakaa sawa kitini.

Halafu? The Rock, aliyeinunua roho ya Cena baada ya Cody kukataa, hakutokea WrestleMania. Cena alichukua ubingwa wa 17 kwa msaada wa Travis Scott, mwanamuziki ambaye hakuwa na deni na mtu yeyote kwenye hadithi hii. Miezi ikapita, Cena adui akicheza mechi kama mtu aliyelazimishwa kuvaa viatu vya mwenzake. Tarehe 1 Agosti, siku mbili kabla ya kurudiana na Cody, akarudi kuwa mwema kwa hotuba fupi. Kesho yake kutwa akafungwa, wakakumbatiana, basi. Nani alimlipa nani? Mnunuzi wa roho alikwenda wapi na bidhaa yake? Watetezi wanasema The Rock ana shughuli nyingi za filamu. Sawa, lakini mwenye duka hasikilizi habari za shughuli zako.

Nasema haya kwa sababu ile kabali ya Desemba ingeuma kwa namna nyingine kabisa kama Cena angekuwa amepita kwenye toba ya kweli. Mtu aliyetuuza, akatuomba radhi, akapigana hadi akachoka, kisha akakubali kwamba imetosha. Tabasamu lile lingekuwa sura ya mwisho ya kitabu. Lilivyokuja, mpwa wangu alihitaji kuuliza swali.

Si kwamba watunzi wa WWE hawajui hesabu. Usiku wa kwanza wa WrestleMania hiyohiyo ya 2025, Las Vegas, walitoa somo. CM Punk alikuwa amemsaidia Roman kwenye vita vya makundi vya WarGames Novemba 2024, na malipo yake yalikuwa fadhila moja kutoka kwa Paul Heyman, mshauri na msemaji wa Roman, ambaye pia ni rafiki wa zamani wa Punk. Ikakaa miezi. Punk alipoidai, aliomba Heyman asimame upande wake kwenye pambano la watatu: yeye, Roman na Seth Rollins. Heyman akajikuta kati ya mabwana wawili, machozi yanamlenga, nasi tukabishana wiki nzima atamchagua nani. Akawasaliti wote wawili akaenda kwa Seth Rollins. Ukirudi nyuma unaona hata yule bwana wa tatu alikuwa amemwonya tangu mwanzo. Hesabu ilikuwa mezani. Ni sisi tuliohesabu watu wawili badala ya watatu.

Jey Uso nitampitia haraka ingawa najua mashabiki wake wako wengi na wana hasira za karibu. Nampenda. Akiingia, uwanja wote unapunga mikono, hata watu wa taa. Lakini deni lake lilikuwa kwa Roman, binamu yake aliyemtesa tangu 2020 hadi akamsalimisha kwa kumkaba pacha wake. Mwaka 2023 kule London alimlaza Roman chali hadi ikahesabiwa tatu, yaani akamfunga, kitu ambacho hakuna aliyekifanya kwa zaidi ya miaka mitatu. Mwezi mmoja baadaye pacha huyohuyo akamsaliti. Ubingwa wa dunia aliupata wapi? Kwa Gunther, mtu asiyemdai chochote. Akaupoteza kwa Gunther huyohuyo Juni, kabla hata miezi miwili haijatimia. Alilipwa na mtu asiyekuwa na deni lake, na fedha za namna hiyo hazikai mfukoni.

Kinyume chake ni Dominik Mysterio, na hapa naomba nikae kidogo.

Mwaka 2005 Dominik alikuwa mtoto wa miaka 8. Baba yake, Rey Mysterio, na Eddie Guerrero walipigania haki ya kumlea, mkataba ukining'inizwa juu ya ulingo na ngazi ikisubiri wa kuipanda. Hadithi ya ajabu, ya aibu kidogo, na mtoto alikaa pale pembeni na uso wa mtoto kweli. Eddie alifariki Novemba mwaka ule. Deni likabaki limeandikwa kwa penseli, hakuna aliyedhani litadaiwa. Septemba 2022, Cardiff, Dominik mtu mzima akampiga baba yake. Kuanzia hapo akafuga nywele kama Eddie, akaiba hila za Eddie, akawa anasema Eddie ndiye aliyestahili kuwa baba yake. Akalala kituo cha polisi saa chache kwenye hadithi ya Krismasi, akatoka anajitangaza kama mtu aliyesota gerezani miaka. Kila alipofungua mdomo walizomea hadi maneno hayasikiki. Nakumbuka nilizima sauti kwa sababu mama alikuwa amelala chumba cha pili.

Chuki ikikaa muda mrefu huanza kunoga. WrestleMania ya 2025, Dominik alipaa kutoka kwenye kona, mkao ni ule wa chura aliokuwa nao Eddie, akamwangukia Finn Bálor na kuchukua mkanda wa Intercontinental, na uwanja ukalipuka kwa furaha. Adui tuliyemchukia ndiye sasa tunayemlipia. Septemba akachukua na ubingwa mkuu wa AAA, ligi ya Mexiko. Novemba Cena alimpokonya ule wa Intercontinental mjini Boston, na kabla mwezi haujaisha Dominik akaurudisha San Diego, nyumbani kwao. Kwa maana nyingine, katika wiki zake za mwisho Cena aligawa vipande vya urithi, na hicho kilikwenda mahali sahihi. Halafu kuna jambo ambalo sijaona watu wakilitaja: ile mechi ya ngazi ya 2005 ilichezwa Washington D.C., kwenye ukumbi uleule ambao Cena amesalimu amri. Wakati ule uliitwa MCI Center. Mtoto aliyekuwa akigombewa pale leo ni mmoja wa nyota wakubwa wa WWE.

Huwezi kumtengeneza Dominik kwa miezi sita. Ndiyo maana chipukizi wengi wa sasa hunitia wasiwasi. Bron Breakker ana mbio za treni na ukoo (mtoto wa Rick Steiner, mpwa wa Scott), na Oktoba alimgeuka Seth Rollins mara tu Seth alipoumia bega, kitendo kizuri kwa daftari kama Seth atarudi na hasira. Je'Von Evans, aliyefikisha miaka 21 mwaka 2025, anaruka kama hana mifupa, na sijui bado anamchukia nani. Upande wa wanawake, Stephanie Vaquer wa Chile amefika juu kwa ufundi mtupu, na pambano la Iyo Sky, Rhea Ripley na Bianca Belair pale Las Vegas lilikuwa bora kuliko chochote walichocheza wanaume usiku ule wa pili. Wanawake wanapewa mapambano. Hadithi wanapewa kwa kijiko.

Aliyebaki ni yule niliyetaka kumfikia tangu mwanzo.

Oba Femi ni mtoto wa Lagos. Alikwenda Marekani kutupa tufe, akatupa kwa Chuo Kikuu cha Alabama, WWE wakamchukua kutoka hapo. Mwanzoni mwa 2024 alitwaa mkanda wa Amerika Kaskazini pale NXT, kitalu chao cha chipukizi, akaushika muda mrefu kuliko yeyote aliyeushika kabla yake. Januari 2025 akawa bingwa wa NXT, akakaa hadi mwishoni mwa Septemba alipofungwa na Ricky Saints, na Desemba 6 akaurudisha. Ana urefu wa kugonga mlangoni na uzito wa kuvunja kitanda, lakini mwangalie anavyotembea. Hana haraka. Anamnyanyua mtu mzobemzobe kwa mikono miwili, anamwachia hewani kama anayefikiria jambo jingine, kisha anamdaka na kumbwaga. Jirani yangu fundi friji humwita "kreni".

Kwa Kiyoruba Oba ni mfalme, na Femi ni nipende. Wamempa ufalme kwenye jina na kwenye maneno yake, siwezi kukataa. Lakini hana ngozi ya chui. Hana mkuki. Hachezi ngoma kabla ya pambano. Anavaa bukta kama wengine na anaongea kwa sauti yake. Mtu asiyejua historia ya mchezo huu ataniona nashangilia kitu kidogo.

Basi tuirudie historia. Nilipokuwa mtoto, kwenye lile banda la video, tulimwona Kamala, jitu kutoka Uganda. Uso umepakwa rangi, tumbo limechorwa nyota, kiunoni kipande cha ngozi, anajipiga tumbo na kupiga kelele. Hajui hata kumlaza mtu chali ahesabiwe. Inabidi msimamizi wake amwonyeshe. Tulicheka, na baadhi yetu tuliuliza kwa dhati kama Uganda kuna watu wa namna hiyo, ilhali mwenye banda alikuwa na shemeji Masaka. Kamala alikuwa James Harris wa Mississippi, mtu mpole kwa maelezo ya wengi waliofanya naye kazi. Uzeeni kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020. Simlaumu kwa kutafuta riziki. Nalaumu kalamu.

Mwaka 1990 wakafika hadi kwenye lugha yetu. Tony Atlas, ambaye mwaka 1983 yeye na Rocky Johnson, baba yake The Rock, walikuwa weusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa wawili wa WWF, alirudishwa ulingoni akiwa na manyoya, ngao na mkuki, na jina jipya: Saba Simba. Si Simba Saba. Saba Simba. Mtu alifungua kamusi, akachukua maneno mawili yanayosikika vizuri, akayapanga kwa sarufi ya kwao. Kila nikilikumbuka nacheka, na bado linanikera: bingwa wa historia, amevishwa jina ambalo mtoto wa chekechea Morogoro angelisahihisha.

Utasema hayo ni ya zamani. Kofi Kingston alizaliwa Ghana, na alipoanza kuonekana mwaka 2008 walimtambulisha kuwa ni Mjamaika, na lafudhi juu. Mwaka 2021 Apollo Crews, mzaliwa wa California, aligunduliwa ghafla kuwa ana damu ya ufalme wa Nigeria, akapewa lafudhi, mkuki na walinzi, na WrestleMania akashinda pambano lililoitwa la ngoma za Nigeria. Miaka 31 baada ya Saba Simba, mkuki ulikuwa bado stoo.

Na Kofi ndiye sababu ninaogopa. Aprili 2019 alimfunga Daniel Bryan baada ya miaka 11 ya kusubiri, watoto wake wakaingia ulingoni, mimi nikalia bila kujificha. Aliupeleka mkanda Ghana, akapokelewa kama mfalme. Oktoba 4 mwaka uleule, Brock Lesnar alimnyanyua, akamtupa, akamhesabia tatu. Sekunde hazikufika 10. Nisichosamehe ni kilichofuata: wiki iliyofuata Kofi alikuwa amerudi kwenye timu yake anatabasamu, hakuna kisasi, hakuna swali. Ule ukurasa ulichanwa hadi mzizi. Desemba 2024 alipokuja kumgeuka Big E, rafiki yake aliyevunjika shingo, nikajisemea labda hii ndiyo riba ya 2019 imetokea mlango wa nyuma. Lakini huko ni mimi kuwatungia.

Ukiyaweka haya pamoja utaelewa kwa nini Desemba 13, kwenye onyesho lile la kumuaga Cena, pambano nililolisubiri kwa moyo wote lilikuwa Cody Rhodes dhidi ya Oba Femi, bingwa kwa bingwa. Walimpandisha mbele ya dunia nzima na hakutetereka. Cody alimrushia kila alichonacho, na kuna wakati alimtazama kama fundi anayetazama ukuta aliouchora yeye mwenyewe mlango na mlango haupo. Mwanamieleka mwingine, Drew McIntyre, akaingilia, pambano likavunjika kabla hatujajua nani zaidi. Wengi walilalamika. Mimi nilishukuru. Kumfunga siku ile kungekuwa wizi, na kumpa ushindi juu ya bingwa kwenye sherehe ya mtu mwingine kungekuwa mbeleko, na anayebebwa kwa mbeleko siku akishushwa watu humcheka miguu.

Sikutaka basi Oba ndiye amstaafishe Cena? Usiku ule nilitaka, nikabishana na mpwa wangu hadi jua likachomoza. Nilipolala nikaamka, nikabadili nusu ya mawazo. Gunther si mrithi. Ni mtunza amana. Ana kabali iliyomlaza Goldberg na Cena, ana kiburi, na sasa kila ukumbi atakaoingia utamdai. Atakayeivunja kabali ile atachukua vyote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo asiguswe na Cody, ambaye ameshashiba, wala na Jey, ambaye alishalipwa kimakosa. Na asipewe nyota wa filamu anayekuja wiki mbili kwa mwaka.

Oba apandishwe daraja, lakini Gunther asimwone kwa miezi. Ampite tu kwenye ujia nyuma ya jukwaa bila kumsalimia, kama mtu asiyeona kitu. Mara moja inatosha, sisi tutaandika. Halafu siku moja kijana awe ameshinda pambano lake la kawaida, amechoka, na Gunther aje kwa nyuma na kabali. Oba alale. Asisalimu amri, alale, mkono uanguke mara tatu. Watoto walie. Wasikimbilie kumlipa wiki inayofuata wala mwezi unaofuata, hata mpwa wangu akitishia kuacha kutazama, maana ametishia mara nne mwaka huu na saa tisa na nusu usiku ndiye anayenigongea mlango.